Tope Letu Litakaa Wapi

Bwawa letu la Mraru lilijaa tope hadi punda wakaligeuza njia ya mkato. Ndipo tulipokubali kwamba limekufa. Zamani punda alifika ukingoni, akainamisha kichwa, akanywa. Sasa alipita katikati yake na mitungi mitupu ikigongana mgongoni, akielekea kwenye bomba la mbali, wala hakugeuza shingo. Kila mvua iliposhuka kutoka vilimani ilikomba udongo wa mashamba yetu, ikaubwaga pale na kwenda zake. Maji yaliyokuwa yakitufikisha mwisho wa kiangazi yakawa ya wiki chache, kisha yakawa ya vyura, na mwishowe vyura nao wakahama.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kupumzika baada ya kufanya kazi miaka mingi Mombasa. Nasema kupumzika kwa sababu hilo ndilo nililowaambia watu, na nadhani hapo ndipo nilipojiponza. Kwetu mtu akisema amekuja kupumzika, anawekwa kwenye kamati.

Siku ya baraza chifu alikuja na injinia wa maji kutoka ofisi ya kaunti, msichana mrefu mwenye gambuti safi, na gambuti safi katika vumbi lile ilikuwa ni ushahidi wa matumaini. Alitusalimu, akaeleza kwamba tingatinga lipo na dereva yupo.

"Tope tutalitoa," akasema. "Shida yangu ni moja. Mtaliweka wapi? Na siulizi la mwaka huu peke yake. Bwawa likichimbuliwa leo, mvua italijaza tena. Nataka mnionyeshe mahali pa kuweka tope la leo, na la mwaka kesho, na la wakati watoto wenu watakuwa wamekaa hapa mlipokaa. Mkinionyesha, mashine inakuja."

Tulikuwa tumejiandaa kulia juu ya maji, hatukuwa tumejiandaa kuulizwa juu ya tope.

Mwanamume mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Si litupwe tu huko."

"Huko wapi?" injinia akauliza.

"Huko," akanyoosha mkono.

Jirani yake akasimama mara moja. "Huko ni kwangu."

Mkono ukahama. Akasimama mwingine. Mkono ukazunguka baraza lote kama saa, na kila ulipoelekea mtu aliinuka, mpaka mwenye mkono akauweka mfukoni. Hapo ndipo mama mmoja wa merry-go-round, kikundi chetu cha kuchangiana pesa, alipokumbuka mimi ni nani.

"Na huyu je? Si alikuwa Mombasa akifanya kazi ya kuchimba bahari?"

Nikasimama haraka. "Hapana jamani. Mimi nilikuwa mpishi."

"Mpishi wa nani?" chifu akauliza.

"Wa wale waliokuwa wakiongeza kina cha mlango wa bandari, ili meli kubwa zipite."

"Na walikuwa wakitoa nini huko chini?"

"Mchanga. Na matope."

Baraza zima likaguna, mguno wa mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Nikajaribu tena kueleza kwamba mimi nilitoa wali jikoni, sikutoa mchanga baharini, lakini mwenzangu wa kikundi akanikata kauli. "Basi si ulikuwa ukiwasikia wakiongea wakila?"

Hilo nisingeweza kulikana. Wale mainjinia walikuwa wakiongea mezani mpaka chakula kinapoa, na mara nyingi waligombana. "Kusema kweli," nikasema, "walikuwa wakigombania zaidi pa kumwaga kuliko pa kuchimba. Kuchimba walikubaliana."

Chifu akapiga makofi. Kabla sijakaa nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya tope.

Nilipewa wenzangu wawili. Mmoja alikuwa mzee mstaafu wa reli, aliyefanya kazi ya kuongoza treni kwenye stesheni ya zamani ya Voi, kabla ya hii treni ya kisasa inayopita juu kwa juu bila kumsalimia mtu. Mzee yule aliamini kwamba kila tatizo duniani limetokana na kukosa ratiba. Wa pili alikuwa mama mchungaji, mke wa mchungaji wetu, mwanamke mkarimu kupita kiasi. Ukimwambia umekosa pa kuweka kabati, kabati hilo kesho liko kanisani.

Asubuhi iliyofuata tulitembea na injinia kutafuta mahali. Mimi nilipendekeza juu ya bwawa, kwenye uwanda mtupu ambao hauna mwenyewe. Injinia akautazama mteremko, akatikisa kichwa. "Hapa, mama, likinyeshewa litarudi bwawani kabla nyinyi hamjafika nyumbani."

Tukashuka chini ya ukingo. Mama mchungaji akasema hapo ni pazuri, pana kivuli. Injinia akatuonyesha mfereji unaotoa maji bwawa linapofurika. "Mkiziba hapa, maji yatapita juu ya ukingo. Ukingo ukikatika, mtakuwa hamna bwawa wala tope la kugombania."

Mzee wa reli akanyoosha fimbo yake upande wa barabara ya Taveta. "Tuende kwa lile shimo," akasema.

Shimo lenyewe lilichimbwa na watu waliokuwa wakitafuta udongo wa kutengenezea barabara. Walichukua udongo, wakaacha shimo pana lenye kingo zilizosimama wima, mbali na mkondo wa mvua. Injinia alilizunguka lote, akashuka ndani, akapanda, na mara ya kwanza siku ile akatabasamu. Lingemeza tope la miaka na miaka, na tope likijaa pale halina pa kukimbilia. Akatuuliza ni la nani.

Wenzangu wakanitazama mimi. Lilikuwa la shangazi yangu.

Shangazi yangu ni dada mkubwa wa marehemu baba. Ana sauti ya kuitia watu kilima hadi kilima, nayo huitumia hata ukiwa umekaa mbele yake. Tulimkuta kwenye kigoda chake ukingoni mwa shimo, na chini ndani mbuzi wake wakitafuna maganda ya migunga.

Nilimwamkia, nikauliza hali ya miguu yake, nikauliza hali ya mbuzi mmoja mmoja, na nilipoona nimefika kwenye kuku nikajua sina budi kusema. Nikasema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo shimo ni yangu," akasema.

"Ndiyo, shangazi. Ndiyo maana tumekuja."

"Waona hao mbuzi? Hawawezi kutoka. Mwizi hawezi kuingia bila mimi kumwona. Nimekaa hapa, sitembei, sifukuzi, sijengi boma. Watu wa barabara waliniharibia shamba, Mungu akanigeuzia likawa boma la bure. Sasa wewe unataka kuja kulijaza uchafu?"

"Si uchafu, shangazi. Ni udongo."

"Kama ni mzuri hivyo, peleka kwako."

Mzee wa reli alijaribu kuleta hoja ya ratiba. Shangazi akamwuliza kama ile treni yake ya zamani iliwahi kufika kwa wakati hata siku moja. Nilimhurumia mzee, maana lilikuwa swali la kweli.

Tulipokuwa tukiondoka, shangazi akanipigia kelele mgongoni. "Na tena! Miaka yote hiyo umewapikia watu wa meli pilau. Mimi shangazi yako, umenipikia lini?"

Tungepata muda wa kumbembeleza, kama si tingatinga kuja kabla ya siku yake. Dereva alisema amepewa wiki moja tu kwetu, kisha anapelekwa Taveta, na akishavuka huko hajui atarudi lini. Injinia alikuwa ameitwa kwenye mafunzo Nairobi. Tukampigia simu, akasema mashine isirudishwe kamwe. Tope liwekwe mahali pa muda, mbali na bwawa, likauke huku tukiendelea kuzungumza na mwenye shimo. "Lakini lisiwe karibu na nyumba za watu," akasisitiza.

"Uwanja wa kanisa," mama mchungaji akasema papo hapo. "Hakuna nyumba pale."

"Kanisa si nyumba?" mzee wa reli akauliza.

"Hakuna mtu analala pale."

"Siku ya mahubiri marefu wanalala wengi," mzee akasema. Mama mchungaji akajifanya hakusikia.

Mzee aliuliza pia habari ya ndovu, maana sisi tunaishi ubavuni mwa Tsavo na ndovu ni majirani wasiobisha hodi. Wengi wakasema msimu ule walikuwa wameelekea ng'ambo ya reli. Mama mchungaji akaongeza kwamba kanisa lina uzio wa minyaa. Nilipiga kura pamoja naye. Mashine ilikuwa inanguruma, watu walikuwa wakishangilia, na ningesema hapana ningeonekana mchawi.

Wiki ile ilikuwa kama sikukuu. Tingatinga lilichota tope jeusi, zito, linang'aa kama kimanga cha muhogo na maharagwe kilichotiwa mafuta, na malori yakalimwaga kando ya kanisa. Lilipanda mpaka usawa wa madirisha. Chini kabisa bwawani bado kulikuwa na unyevu, kwa hiyo tope lilikuja bichi, likitoa harufu ya mvua ya zamani. Sisi tuliisikia harufu ile tukafurahi. Hatukujiuliza ni nani mwingine anaisikia.

Jumapili asubuhi kanisa lilijaa, kwa sababu kila mtu alitaka kushukuru kwa ajili ya bwawa na pia kuona rundo. Shangazi alikuwepo, mstari wa mbele, na kilemba chake cha zambarau. Mchungaji alihubiri juu ya subira. Alikuwa amefika karibu na mwisho, tukaanza kukusanya mikoba, ndipo dirisha la upande wa tope lilipoingia giza.

Mwanzoni nilidhani ni wingu. Kisha wingu likapumua.

Walikuwa ndovu watatu, mama na dada zake nadhani, kwa jinsi walivyokuwa wakisukumana kwa heshima. Walikuwa wamepita kwenye minyaa kama mtu apitavyo kwenye pazia. Mmoja aliingiza mguu kwenye tope, akautoa, akausikiliza, akaingiza tena. Kisha wote wakapanda rundo na kuanza kuoga.

Mzee wa kanisa alifunga mlango polepole, akauegemea kwa mgongo, sijui alidhani mgongo wake ungefanya nini. "Mtu yeyote asitoke," akanong'ona. "Na tusiimbe."

Mchungaji alibaki mimbarini na Biblia mkononi. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Watu wote wamefungiwa, hakuna wa kuangalia saa, hakuna wa kutoka kupika. Akashusha sauti, akaendelea kuhubiri juu ya subira. Alipofika mwisho akatazama dirishani, akaona masikio, akarudi mwanzo. Mara ya pili aliingiza watu wa Agano la Kale ambao mara ya kwanza aliwaruka. Nje, tope lilirushwa na mkonga likatua ukutani, paa!, na kila liliposikika baadhi ya waumini walisema amina bila kukusudia.

Watoto walikuwa na furaha isiyo na kifani. Vijana walirekodi kwa simu kupitia upenyo wa dirisha. Mama mchungaji alikuwa akilia kimyakimya kwa ajili ya ukuta, maana ulikuwa umepakwa chokaa juzi. Mzee wa reli alinisogelea, akainama sikioni mwangu, nikajua anataka kuniambia kwamba alisema.

"Nilisema," akaniambia.

Jua lilipanda. Njaa ikaanza kuzungumza kwa matumbo ya watu, na kanisani kukiwa kimya tumbo husikika. Shangazi alivumilia mahubiri ya kwanza, akavumilia ya pili. Mchungaji alipofungua tena kitabu kwa mara ya tatu, shangazi akageuka kwenye benchi akanitafuta kwa macho. Alijaribu kunong'ona. Shangazi yangu hajawahi kunong'ona maishani mwake, na kanisa zima lilimsikia, na nahisi hata ndovu walimsikia, maana mmoja aliacha kuoga.

"Wewe! Leteni hiyo tope kwa shimo langu, kabla huyu hajapata sababu nyingine ya kuhubiri!"

Mchungaji akafunga Biblia. Mtu mmoja akaangua kicheko, akazibwa mdomo na mkewe, mke naye akaangua. Nilimwona mama mchungaji akicheka na machozi yakiwa bado mashavuni.

Askari wa wanyamapori walifika adhuhuri na gari lao, wakawaondoa ndovu kwa honi na subira, na subira yao ilikuwa fupi kuliko ile ya mimbarini. Tulipotoka tulikuta ukuta wa kanisa mweusi hadi chini ya paa, na katikati alama moja kubwa, pana, ambapo ndovu alikuwa amejikuna. Nilipompigia injinia kumweleza, alipokea akiwa anacheka. Video ilikuwa imefika Nairobi kabla yangu.

Alirudi siku mbili baadaye, tukaenda pamoja kwa shangazi. Safari hii sikwenda mikono mitupu. Nilikuwa nimepika pilau nyumbani, nikaibeba kwenye sufuria iliyofungwa kwa leso. Shangazi alikula sahani nzima. Akaongezwa, akala. Kisha akaifuta midomo.

"Chumvi kidogo imepungua," akasema. "Wale watu wa meli walikuwa wavumilivu. Haya, semeni."

Hapo ndipo mpango wetu ulipozaliwa, na sehemu kubwa ilitoka kinywani mwake. Alikataa shimo lijazwe lote kwa pamoja. Lingegawanywa vipande. Tope lingeingia kipande cha mwisho kwanza, mbuzi wabaki kwenye vilivyosalia, na kila kipande kikijaa na kushikana kiwe shamba lake. Injinia naye akaweka sharti lake: tope bichi lisikaribie shimo wala makazi. Lianikwe kwanza, kwa tabaka jembamba, kwenye uwanda mkavu ulio mbali na nyumba, mpaka lipasuke na kupoteza harufu, maana ndovu hana haja na vumbi, analo la kutosha.

"Na huko juu?" mzee wa reli akauliza. "Tukikaa tu kupokea tope kila mwaka, shimo litajaa tukiwa hai." Akaeleza kwa fimbo mchangani jinsi ya kupanga kuta fupi za mawe ndani ya makorongo, moja chini ya nyingine, udongo upumzike njiani kama treni ya mizigo inayosimama kila stesheni. Injinia alimtazama, akasema ndivyo angependekeza yeye pia, na kwamba juu ya kuta hizo tupande nyasi. Mzee alivimba kwa furaha. Shangazi akasema, "Treni ya kusimama kila mahali, hiyo anaijua," lakini alisema akimwongezea chai.

Baraza la pili lilikuwa fupi. Hakuna aliyekataa, kwa kuwa waliokuwa kanisani walikuwa wengi. Tulilianika tope, likakauka, likavunjika vipande kama mkate wa juzi, na tukalihamishia shimoni kwa mikokoteni. Mama mchungaji aliongoza kikundi cha kuukwangua ukuta. Ile alama ya ndovu ilikataa kutoka, na hatimaye wakaipaka chokaa, na bado ikaonekana.

Kisha ikaja shida ambayo sikuwahi kuisikia mezani Mombasa. Mabaki ya tope kando ya kanisa yalipata manyunyu kidogo, na kutoka humo ukaota mchicha wenye majani kama masikio ya wale wageni, na mmea wa maboga uliopanda mpaka dirishani. Watu waliona. Yule mwanamume aliyewahi kusema litupwe tu huko alikuja kwangu asubuhi na mkokoteni.

"Mwenyekiti, nilikuwa nasema, kama mko na shida ya pa kuweka, mimi naweza kuwasaidia."

"Hatuna shida tena."

"Hata kidogo tu?"

Walikuja wengi. Walikuja hata kutoka Sagalla kwa bodaboda, na magunia. Kamati iliyoundwa kutafuta mahali pa kutupa tope sasa ilikaa kulinda tope lisiibwe, na mzee wa reli akalipangia ratiba, na mara hii hakuna aliyemcheka. Ilibidi tukubaliane: kila mtu atakayepanga mawe kwenye makorongo achukue udongo uliokwama kwenye ukuta wake, na tope la bwawani liende shimoni kama tulivyoahidi. Mtu mmoja tulimkuta akichota kwenye ukingo wenyewe wa bwawa, eti alidhani ni rundo. Shangazi alimwita kutoka mbali. Aliacha jembe na hakurudi kulichukua.

Mvua zilipokuja zilikuja kwa hasira, kama kawaida yake kwetu. Tulikwenda kutazama na miavuli, kamati nzima na nusu ya kijiji. Maji yalishuka makorongoni, yakagonga mawe ya kwanza, yakapunguza kelele, yakagonga ya pili. Ukuta mmoja ulianguka, wa mtu aliyepanga akiwa na haraka. Kwingine udongo ulibaki nyuma ya mawe na maji yakaendelea peke yake, mekundu bado lakini si yale mazito tuliyoyazoea. Jioni bwawa lilikuwa limefika kiuno cha mtu mzima, na asubuhi halikuwa na pa kuvuka.

Kiangazi kilichofuata lilibaki na maji hadi karibu na mwisho. Tulichimbua tope kidogo sisi wenyewe, kwa majembe na karai, tukalianika, tukajaza kipande cha pili. Mbuzi walihamishwa wakipiga kelele, na shangazi akiwapigia kelele zaidi. Kwenye kipande cha kwanza alikuwa ameshapanda pojo na mahindi, na alikuwa amehamisha kigoda chake ili aone shamba kwa jicho moja na mbuzi kwa jingine. Alinikatia mzigo mdogo wa mahindi mabichi, akaniambia nikawachomee wenzangu wa kamati, na nisisahau chumvi.